Treni Niliyoifundisha Bila Kuipanda

Haya, nimechoka kuulizwa. Walimu wenzangu mnanivizia ofisini, akina mama wa jumuiya mnanivuta kitenge baada ya sala, na jana muuza nyanya wa hapa Kasense kaacha kunipimia nyanya, eti kwanza nimwambie kama ni kweli Mama Lusajo aliachwa porini na treni. Ni kweli. Na ni kweli pia kwamba Jumatatu mliniona nikifagia uwanja wa shule na suti yangu ya kitenge, watoto wamesimama wananitazama. Wala sijarukwa na akili. Kaeni msome, msinikatishe, nimeandika yote mara moja ili nisirudie tena.

Mambo ya tiketi na barua za ruhusa siyagusi, hayana utamu. Ila kuna jambo lazima nilitangulize, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini nililia pale Kaliua mbele ya watu.

Mnajua nimefundisha darasa la tano miaka zaidi ya thelathini, kwanza Milepa kule bondeni, kisha hapa. Mnajua sura ya reli ni sura yangu, haigusi mtu. Mnaijua ramani niliyoichora ukutani kwa mkono wangu, reli inatoka Mpanda, inapita Kaliua, inakwenda Tabora na Kigoma, na ule mchoro mweusi wa handaki hapo katikati. Msichokijua ni kwamba nilikuwa sijawahi kupanda treni. Hata kuiona kwa macho, sijawahi.

Mwaka wangu wa kwanza Milepa mtoto mmoja aliniuliza, "Mwalimu, wewe umeipanda?" Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, viatu vya kuazima, watoto sabini wananikodolea macho. Nikasema ndiyo. Wakataka kujua ikoje. Hapo ndipo nilipowatungia handaki. Nikawaambia ukishatoka Mpanda treni inaingia chini ya mlima, giza linakuwa totoro, abiria wote wanasali Baba Yetu kwa sauti, na wakifika kwenye "amina" treni inatokea upande wa pili kwenye mwanga. Darasa lilinyamaza kabisa. Jamani, lilikuwa somo tamu! Mwaka uliofuata nikalirudia, na uliofuata tena, mpaka nami nikaanza kulikumbuka handaki lile kama nimelipita.

Desemba hii nastaafu. Sura ya reli ilikuwa imebaki kufundishwa mara moja tu. Nikajiuliza, wewe Skolastika, unaondoka shuleni na uongo huu mdomoni? Nenda kapande.

Nikachukua karatasi ya manila nikachora matembezi yangu ya likizo fupi ya Septemba. Miji minne: Sumbawanga, Mpanda, Tabora, Kigoma, halafu kurudi kwa njia ya Uvinza. Basi, treni, treni, basi. Saa za kuondoka kwa kalamu nyekundu, za kufika kwa bluu, vya kutazama kwa kijani. Septemba niliichagua makusudi, ndipo miombo inapochipua majani mapya kabla ya mvua. Nilitaka kwenda peke yangu, nijifunze treni kimyakimya bila shahidi. Lakini jirani yangu Mama Lusajo, yule Mnyakyusa anayeuza vitenge sokoni, akaikuta manila mezani.

"Na mimi nakwenda," akasema hata kabla hajakaa. "Miaka kumi na tisa niko Sumbawanga, likizo yangu ni misiba ya Mbeya tu. Halafu wewe treni unaijua. Lusajo wangu ulimfundisha, mpaka leo anasimulia lile handaki lako. Utaniongoza."

Ningesema nini? "Haina shida," nikamwambia. "Wewe nifuate mimi."

Basi nikawa na hofu mbili. Nisistaafu na uongo wangu, na nisiumbuke mbele ya Mama Lusajo, ambaye akilijua jambo asubuhi, mchana soko zima linalo.

Sumbawanga hadi Mpanda: masweta

Tulipanda basi alfajiri, baridi yetu mnaijua, tumevaa masweta mazito na kila mmoja ana blanketi. Wasafiri waliotoka mbali walitucheka. Kijana mmoja wa fulana akasema, "Mama zangu, mnakwenda Mpanda au Ulaya?" Nikalikunja blanketi langu vizuri mapajani. Mtu anayetoka Ufipa habebi fulana.

Basi lilisimama kila penye gunia. Kuna sehemu tulisimama dakika arobaini mzee mmoja akibishana na konda kuhusu mbuzi wake, kwamba mbuzi ni mzigo au ni abiria. Mzee alishinda. Mbuzi akakaa karibu na miguu yangu, akala kona ya manila yangu, ile yenye saa ya kufika Mpanda. Mama Lusajo akacheka mpaka machozi. "Sasa hatuna saa ya kufika," akasema, "tutafika tukifika."

Lakini miti! Tuliposhuka kutoka uwandani msitu wote ulikuwa umewaka. Majani mekundu, ya kahawia, ya rangi ya divai ya altareni, mengine laini bado yanang'aa. Hakuna tone la mvua lililokuwa limeanguka na miti ilikuwa imeshajua. Nimefundisha "majira ya mwaka" miaka yote nikisema huku kwetu kuna masika na kiangazi tu. Niliona aibu kidogo. Mama Lusajo alibandika uso dirishani, akasema polepole, "Kumbe tunaishi karibu na hivi na tunakimbilia misibani."

Kwenye mbuga ya Katavi mbung'o waliingia basini. Mnawajua mbung'o? Wanachoma kupitia shati kama vile hukuvaa. Yule kijana wa fulana alirukaruka kwenye kiti kama anakanyaga moto. Sisi tulivuta masweta mpaka masikioni, tukajifunika blanketi, tukatulia tuli. Pale Sitalike, darajani, viboko walikuwa wamelundikana kwenye dimbwi hata maji huyaoni, na sisi tuliwatazama kwa starehe zetu bila hata alama moja ya mbung'o. Nikamgeukia kijana nikamuuliza, "Ulaya kuzuri?"

Mpanda: tunaisubiri kuanzia alfajiri

Treni ilikuwa ya saa nne asubuhi. Nilimwamsha Mama Lusajo saa kumi alfajiri. Kwetu basi la saa kumi na mbili ukilifuata saa kumi na mbili umelikosa, na mimi nilidhani treni nayo ni hivyohivyo. Tulifika stesheni geti limefungwa. Mlinzi akatumulika na tochi. "Mnamsubiri nani?"

"Treni," nikasema.

"Mama, hata dereva wake bado amelala."

"Sisi tunaoijua tunawahi," nikasema kwa sauti ya ualimu, tukakaa juu ya mizigo tukinywa uji wa ulezi niliobeba kwenye chupa ya chai. Mama Lusajo alininong'oneza, "Mwalimu, wewe ni mzoefu kweli." Nikamwongezea uji asiendelee.

Kulipopambazuka nikaiona. Imelala pale, ndefu, mwisho wake huuoni. Nilitaka kwenda kuishika. Nilitaka kuzunguka nione magurudumu, mimi niliyeyachora ubaoni mwaka baada ya mwaka. Lakini mtu aliyezoea treni haishiki treni, kwa hiyo nilikaa na mizigo nikitazama pembeni, moyo unanidunda kama msichana anayeletewa barua.

Nilikosea mambo matatu kabla haijaondoka. Kwanza nilimuuliza mhudumu dereva anakaa upande gani, ili tukae nyuma yake tusitapike. Pili nilishindwa ngazi, iko juu, nikasukumwa kwa nyuma na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Tatu nilichagua kiti cha mbele kabisa cha behewa kwa ushindi mkubwa, treni ikaondoka kuelekea upande mwingine, nikawa nasafiri kinyumenyume. "Ndiyo kawaida," nikamwambia Mama Lusajo. "Inaanza hivi."

Mpanda hadi Kaliua: asali

Hapa sasa nisikilizeni vizuri.

Mbele yetu alikaa mfanyabiashara wa Urambo, mcheshi, mwenye kofia. Tukamwambia tumetoka Sumbawanga. Mnajua yanayofuata mtu akitaja Sumbawanga, ni uchawi tu. Akasogeza begi lake kidogo, akasema, "Sumbawanga? Sasa nauli ya nini? Si mngekuja na ungo, mngefika jana."

Behewa likaangua kicheko. Mama Lusajo hakukunja hata uso. "Ungo leo ulijaa," akasema, "tukaona tujibane na nyinyi." Basi kuanzia hapo tukawa ndugu. Wakatupa karanga, tukawapa kuku wetu wa kukaanga, na mwenye kofia akarudisha begi lake mahali pake.

Shida ilianza baada ya chakula. Mama Lusajo alifunga dirisha, akajipanga vizuri kitini, akaweka mikono mapajani. "Mwalimu, handaki bado?"

"Bado."

Dakika ishirini. "Bado?"

"Nitakwambia."

Nje ni miombo mitupu, tambarare, nyekundu mpaka macho yanachoka. Hakukuwa na mlima wa kumficha hata sungura. Halafu nikamwona anamgeukia mwenye kofia, na mdomo unafunguka, "Ndugu yangu, hivi lile handaki..."

Wakati huohuo treni ikapunguza mwendo, tukaingia stesheni moja ndogo ya porini, na wauzaji wa asali wakakimbilia madirishani na ndoo zao. Nikamshika mkono. "Mama Lusajo! Asali! Shuka ukanunue, ya hapa ndiyo yenyewe."

"Haitaniacha?"

"Hapa inasimama nusu saa," nikasema. "Siku zote."

Sijui niliitoa wapi hiyo nusu saa. Nilitaka tu asimalizie lile swali. Alishuka na kanga yake kiunoni, akaenda moja kwa moja kwa mwanamke aliyekuwa mbali kidogo, mwenye ndoo kubwa, akaanza kupatana bei kwa mtindo wa sokoni kwetu, yaani anaondoka, anarudi, anaondoka. Alipoondoka mara ya pili, yule mwanamke akamwita akampa ndoo, na hapohapo treni ikatikisika.

Nilidhani inajiweka sawa. Ikatikisika tena, na miti ikaanza kurudi nyuma. Nikamwona Mama Lusajo anageuka na ndoo mkononi, mdomo wazi.

Mimi nikafanya ninachofanya kwenye basi. Niliinuka nikapiga ukuta wa behewa kwa viganja viwili, pa! pa! pa! nikipiga kelele, "Konda! Shusha! Simamisha, kuna mtu chini! Shushaaa!"

Behewa zima lilinitazama. Halafu likacheka kuliko lilivyochekea ungo. Mwenye kofia alishika mbavu. "Mama, hii ni treni! Unampigia nani ukuta? Dereva yuko huko mbele kama kijiji cha jirani!" Na mwanamke mwenye mtoto akauliza tu, wala hakuwa na ubaya, "Kwani ndiyo mara yako ya kwanza?"

Mama Lusajo alikuwa amekuwa nukta. Nikakaa. Nikasema, "Ndiyo. Ndiyo mara ya kwanza. Na nimemwambia mwenzangu inasimama nusu saa."

Hakuna aliyecheka tena.

Mkaguzi wa tiketi alikuja, labda kwa ajili ya kelele. Kijana mrefu, sare imepigwa pasi, uso wa kazi. "Nani anapiga behewa?" Vidole vyote vikanielekea. Akanitazama. Akanitazama tena. Kisha akavua kofia, akaiweka sakafuni, akachuchumaa pale kwenye njia katikati ya vikapu na miguu ya watu, akapiga makofi yale ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama Mfipa anavyomwamkia mkubwa wake. "Shikamoo, Mwalimu."

Watu walishangaa, mkaguzi anachuchumaa kwa abiria! Mimi nilijibu marahaba huku sijui ni nani, mpaka alipoinua kichwa nikaliona lile pengo la meno ya mbele. Deogratias wa Milepa. Dawati la pili, dirishani.

"Deo," nikasema, "nimemwacha mtu porini."

Wenzangu wakamtajia ile stesheni na ndoo ya asali. Akachukua simu yake ya upepo akatembea kuelekea mbele, nikamsikia akisema maneno ya kazini nisiyoyajua, na jina la ile stesheni, na "mama mmoja, ana ndoo."

Kaliua: kiberenge

Kaliua ndipo reli yetu inapokutana na reli ya kati, na hapo ilibidi tusubiri treni ya mizigo ipite. Mwenye kofia alilalamika. Mimi niliomba treni hiyo ya mizigo ichelewe sana. Nilishuka nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa natazama kule tulikotoka, blanketi mapajani, jua linawaka. Nilimwazia Mama Lusajo peke yake kwenye pori lile. Nilimwazia Lusajo, nitamwambia nini. Hapo ndipo nililia.

Deo alikuja na vikombe viwili vya chai akakaa kando yangu.

"Mwalimu, lile handaki," akasema.

Nikaziba uso.

"Wiki yangu ya kwanza kazini nilikaa dirishani. Tulipotoka Mpanda nikaanza Baba Yetu. Nikaimaliza, nikaanza tena. Nadhani niliisali mpaka hapa Kaliua. Tuliposimama nikamuuliza mkubwa wangu kama handaki tumelipita nimesinzia." Akacheka, lakini si sana. "Wewe waulize hapa stesheni Deogratias ni nani, hawatakwambia. Waulize Handaki. Miaka tisa wananiita Handaki."

"Kwa nini hukuja kunisuta?"

"Nikusute?" Alishangaa kweli. "Pale Milepa nani mwingine aliwaza reli? Baba yangu alitaka nilinde mpunga. Mimi nilitaka kulipita lile giza." Akanywa chai. "Lakini, Mwalimu, walio darasani sasa hivi waambie. Wakija huku wachekwe kwa mambo mengine."

Mtoto niliyemdanganya ndiye aliyekuwa ananinywesha chai, na jinsi alivyosema bila hasira ilinichoma kuliko kama angenifokea.

Ndipo abiria wakaanza kupiga kelele kule mwisho wa jukwaa. Nikasimama. Mbali kwenye reli kulikuwa na kitu kidogo, cha njano, kinakuja kwa mlio wa ngurumo. Kiberenge cha mafundi wa njia. Mafundi watatu wamekaa, na katikati yao, amekaa wima kama bibi harusi, kanga inapepea, kofia ya fundi kichwani na ndoo ya asali mapajani, Mama Lusajo!

Jamani. Kaliua nzima ilishangilia. Madirisha yote vichwa nje, watu wanapiga vigelegele, mwenye kofia anapunga kofia, "Ungo umefika! Ungo umefika!" Mama Lusajo akapunga mkono mmoja, mwingine umeshika ndoo, hakumwaga hata tone. Alishushwa na mafundi kama kiongozi wa serikali. Nilimkimbilia nimkumbatie.

Akanisimamisha kwa kidole. "Nusu saa?"

Nikamwambia yote. Pale pale, watu wanasikia. Kwamba sijawahi kupanda, kwamba handaki nililitunga, kwamba nilimshusha ili asimuulize mtu. Sikuacha kitu.

Akaivua ile kofia ya fundi. "Kwa hiyo toka Sumbawanga nilikuwa namfuata mtu asiyejua njia." Akapanda behewani, akafungua ndoo, akagawa asali kwa behewa zima, mwenye kofia, mwanamke na mtoto wake, Deo mara mbili. Mimi hakunipa.

Tabora: maembe mabichi

Hakunisemesha mpaka Tabora. Na mnajua yeye kukaa kimya ni kazi ngumu kiasi gani, nilimwona anavyoteseka.

Tabora tulikaa siku mbili kusubiri treni ya Kigoma. Manila ilisema tungesubiri saa sita tu. Manila niliikunja nikaiweka chini ya begi. Tulitembea chini ya miembe mikubwa ya barabarani, yeye mbele, mimi nyuma hatua tatu, joto linatupiga, masweta tumeyafunga viunoni. Tulikwenda Kwihara kuiona nyumba ya kale ya wavumbuzi wa Kizungu, ile yenye milango ya kuchongwa. Pale mwenyeji alianza kutueleza historia, akataja njia ya misafara akaikosea. Ulimi uliniwasha! Nilikuwa na jibu tayari mdomoni. Nikalimeza. Nikamuuliza kwa adabu, "Samahani, hilo sina hakika nalo, tunaweza kuuliza?"

Mama Lusajo akageuka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisikia nikisema sina hakika. Jioni hiyo tulikaa nje ya mgahawa, ugali wa mahindi na nyama ya kuchoma, na maembe mabichi kwa chumvi. Akasukuma kikombe mbele yangu. Ndani kulikuwa na asali vijiko viwili.

"Mimi nilikuwa naogopa, ujue," akasema. "Pale porini. Nilijifanya siogopi kwa sababu wale mafundi walikuwa vijana wadogo."

"Nisamehe, Mama Lusajo."

"Nimekusamehe toka kwenye kiberenge. Nilitaka tu uumie kidogo." Akalamba kijiko. "Lakini kuanzia sasa maswali nauliza mimi."

Na akauliza! Aliuliza mlinzi, muuza maji, mkuu wa stesheni, padri mmoja aliyekuwa anapita na mizigo yake. Kila stesheni ya njia ya Kigoma hakuinua mguu mpaka watu watatu wamemhakikishia dakika. Tukawa tunashuka na kupanda kama wenye reli yetu.

Kigoma: mwisho wa reli

Malagarasi tuliuvuka asubuhi. Mto huo nimeuchora ubaoni sijui mara ngapi, mstari wa bluu, basi. Sikujua ni mpana hivyo, wala kwamba matete yake yanasimama mpaka upeo wa macho, wala kwamba treni ikipanda daraja mlio wake unabadilika, unakuwa mzito, unausikia tumboni. Nilisimama dirishani.

"Mwalimu," akasema Mama Lusajo, "handaki hatuna. Daraja tunalo." Akavuta pumzi, akaanza kwa ile sauti yake ya kwaya ya Moraviani, "Baba yetu uliye mbinguni..."

Nilidhani watatucheka. Mtu mmoja akaitika, kisha wengine, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, sauti zinapanda na mlio wa chuma. Mzee wa Ujiji mwenye kanzu alikuwa ametulia na tasbihi yake. Tulipofika kwenye amina, gurudumu la mwisho la behewa letu likatoka darajani, na mzee yule naye akasema, "Amina, amina." Kweli ilikuwa hivyo, sijatunga. Mama Lusajo ni shahidi, na safari hii nilimtaka shahidi.

Kigoma reli inaishia mbele ya ziwa. Inaisha tu, chuma kinagonga kizuizi, na mbele yake maji. Nilishuka, nikazunguka, nikaishika treni. Mkono mzima, kwenye gurudumu, likiwa bado la moto. Sikujali nani ananiona. Tulikula migebuka, samaki wa ziwa lile, kwa mawese na ugali wa muhogo mpaka mikono ikawa ya njano, na usiku ule, kwa joto la Kigoma, tulitandika yale mablanketi chini tukalala juu yake tukicheka kama wasichana wa bweni.

Uvinza, Mpanda, nyumbani

Ya kurudi sina mengi. Basi, vumbi kidogo, chumvi ya Uvinza. Tulipopanda uwanda baridi ikatupokea, tukavaa masweta yetu. Tulikuwa tumekwenda miji minne na kurudi kwa vyombo vya umma, wanawake wawili wa Sumbawanga, hatujapotea, na ndoo imefika na asali nusu.

Jumatatu niliingia darasa la tano na kopo la rangi nyeupe. Nikawasimulia yote, kuanzia yule mtoto wa Milepa mpaka Handaki. Nikachovya brashi, nikalipaka handaki langu mbele yao mpaka likapotea ukutani. Nikawaambia, "Nilidanganya. Halipo. Kilichopo ni hiki," nikachora daraja la Malagarasi, na kiberenge, na Mama Lusajo juu yake na ndoo. Wakacheka. Kisha nikaona kitu kinawasumbua.

Msichana mmoja wa mbele, Neema, akanyoosha kidole. "Mwalimu, sheria ya darasa inasema anayesema uongo anafagia uwanja."

Sheria hiyo niliiandika mimi. Iko juu ya mlango, kwa mwandiko wangu.

"Ni kweli," nikasema. "Ufagio uko wapi?"

Basi ndivyo mlivyonikuta. Nilianzia mlangoni, nikapita ofisini kwenu mkichungulia, nikafagia mpaka mlingoti wa bendera, na darasa zima linanifuata nyuma likihakikisha silipui kazi. Nilipomaliza kona ya mwisho mgongo ulikuwa unauma na suti imejaa vumbi. Neema akanikagulia uwanja wote, akarudi akasimama mbele yangu.

"Mwalimu," akauliza, "wewe umeipanda treni?"

Nikaegemea ufagio. "Ndiyo," nikamwambia. "Nimeipanda."